Hema Lisilopitisha Pumzi

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya tangu mwaka uanze, na najua umeshanisema kwa Baba, kwa hiyo nakupa shikamoo tano, moja kwa kila wiki.

Kazi ni ile ile. Siku nzima nimo ndani ya mashimo ya lifti, kofia kichwani, tochi mdomoni, grisi mpaka kwenye viwiko. Nikitoka, jua limeshaondoka, na miezi hii hata likiwepo ni la jina tu. Chumba changu kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jengo la jirani. Nikinyoosha mkono naugusa. Sasa mtu anayeishi hivyo ameamua kufuga nini? Dungusi! Ile mimea ya jangwani yenye miiba. Cheka umalize. Miaka miwili iliyopita nilinunua pakiti moja ya mbegu, nikaziotesha kwenye sahani ya plastiki, na leo ninayo miche thelathini na moja, mingine ya mviringo, mingine imesimama kama vidole. Naipenda mno. Lakini kwa kukosa mwanga imeanza kurefuka shingo na kupauka, na yote imeinamia dirishani.

Dawa yake ni hema dogo la kukaa ndani ya chumba: fremu ya mabomba, kitambaa kisichopitisha mwanga, ndani rangi ya fedha, na juu taa inayowaka saa kumi na nne kwa siku. Bila hema, taa hiyo itamulika chumba kizima mpaka nichipue mimi mwenyewe. Ya dukani nimeyaona. Zipu zinakwama hata kabla hujalipa, na mishono ukiivuta kidogo unamwona muuzaji upande wa pili.

Baba ameniambia siku hizi unapumzika nyumbani. Je, unaweza kunishonea? Upana sentimita sitini, kina sitini, kimo mita moja na ishirini. Nimekuchorea. Yale maduara mawili ubavuni ni matundu ya hewa, moja chini, moja juu.

Mwanao,
Kifungo


16 Februari

Kifungo,

Marahaba, zote tano.

Kwanza, mimi sipumziki. Nimepumzishwa. Baba yako anapenda kulainisha maneno kama anawalisha watoto. Miaka ishirini na tisa nimekaa kwenye cherehani ya tatu kutoka mlangoni, pale karakana ya maturubai. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, Bwana Mita akaniita ofisini. Unamkumbuka, yule mwenye karakana, anayetembea na futi yake shingoni hata siku ya mapumziko. Turubai moja lilikuwa limevuja kwenye sherehe ya watu, maji yakawamwagikia bibi na bwana harusi. Akasema mshono ni wangu. Akasema, "Mama, macho yamechoka." Nikamwambia macho yangu ni mazima kuliko adabu yako. Basi, cherehani yangu kapewa mwingine.

Mshono ule haukuwa wangu. Mshono wangu naujua. Lakini nani wa kuniamini? Huku mtaani wananipa pole kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa, na mimi naitikia huku nimeuma meno.

Sasa wewe unaniomba hema. Mwanangu, nitakushonea hema ambalo Bwana Mita akilisikia tu atakosa hamu ya chakula. Na likiwa bovu, nitakubali kwamba alisema kweli, nitauza cherehani yangu ya nyumbani na nitakaa kibarazani kuhesabu wapita njia. Ujue uzito wa ulichokiomba.

Nimeshanunua turubai zito jeusi na kitambaa cha fedha. Kila mshono nitaupita mara mbili, kisha niusugue nta mpaka uteleze. Yale maduara mawili uliyochora nimeyafuta. Sijawahi kumpa mteja hema lenye matundu, na sitaanza na mtoto wa ndugu yangu.

Ukiandika, andika herufi kubwa. Kalamu zenu za siku hizi hazina wino.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Limefika! Mzigo uliletwa kazini, na mafundi wenzangu wakasema nimeletewa parachuti.

Jioni nililisimamisha kwa dakika ishirini. Mabomba yaliingia kwenye mikono yake bila kusukumwa. Zipu inapanda na kushuka kwa kidole kimoja. Nikaiacha taa ya chumba ikiwaka, nikaingia ndani ya hema, magoti kidevuni, nikajifungia, nikatafuta japo nukta moja ya mwanga kwenye mishono. Sikuiona. Nikakaa mle muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nacheka peke yangu kama mwehu. Nilijiambia, huyu ni shangazi yangu, wengine watafute wa kwao.

Taa nimeitundika kwa minyororo, sentimita thelathini juu ya miche. Swichi yenye saa inaiwasha saa kumi na mbili asubuhi na kuizima saa mbili usiku. Miche nimeihamishia kwenye changarawe iliyochanganywa na udongo kidogo, nikaipanga kwa urefu kama watoto wa shule. Mwenye nyumba alikuja kusoma mita ya umeme, akaomba kuchungulia. Akaniuliza nimelinunua wapi. Nikamwambia haliuzwi.

Kuhusu hewa usijali, naacha zipu wazi kidogo kwa chini.

Mwanao,
Kifungo


20 Machi

Kifungo wangu,

Marahaba. Barua yako imesomwa hapa mpaka imelegea kwenye mikunjo. Mwalimu, jirani yangu yule mstaafu, aliisoma kwa sauti, na mke wa fundi viatu akaomba sehemu ya parachuti irudiwe. Nimevimba kichwa, sikatai.

Lakini zipu wazi? Nimeshona wiki mbili ili mwanga usitoke, halafu wewe unaacha mlango wazi kama banda la kuku! Funga. Hema langu ni la kufungwa.

Nataka picha. Moja hema likiwa limefungwa, nyingine likiwa wazi, miche yote thelathini na moja ionekane. Ziwe kubwa. Nitazipeleka karakana mwenyewe kwa miguu yangu. Bwana Mita amemwambia fundi viatu kwamba siku hizi nashona kwa mazoea tu. Nataka ayaone hayo mazoea.

Shangazi yako


3 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, barua hii ni fupi, kazi zimenibana, jengo moja lina lifti tatu zilizogoma kwa mpigo. Hema ni zima na limesimama wima. Nilifunga zipu kama ulivyosema. Picha zitakuja, simu yangu inatoa picha zenye ukungu. Dungusi zinakusalimu. Goti lako linaendeleaje? Na Mwalimu hajambo?

Mwanao,
Kifungo


3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua hii isome peke yako, ukimaliza ichane.

Nimemdanganya Shangazi. Hema lake linaniulia dungusi. Si kwamba lina kasoro, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Halipitishi hata pumzi. Nikimwagilia kijiko kimoja, maji hayana pa kwenda. Taa inayapasha, yanapanda, yanageuka matone kwenye kitambaa cha fedha, na asubuhi nikifungua yananidondokea kichwani. Nilipokuwa naacha zipu wazi nilikuwa nasalimika. Shangazi akaamuru nifunge, nikafunga, maana ni nani kwetu amewahi kumbishia? Siku nane tu, nikakuta miche tisa imelainika shingoni, ukiigusa inabonyea kama nyanya mbovu. Miaka miwili nimeilea, Baba. Nilikaa sakafuni nikalia.

Juzi nikachukua mkasi wa jikoni nikakata matundu mawili. Hata siku ya kwanza niliponing'inia kwenye shimo la lifti sikuogopa hivyo. La chini nililikata katikati ya kitambaa. La juu halikuwa na pa kukaa ila juu ya mshono wenyewe, kwa hiyo nikaukata mshono wake. Hapo nimefunga feni ndogo niliyopewa kwenye lifti kuukuu tuliyoing'oa. Sasa ndani kumekauka, na miche ishirini na miwili iliyobaki imetulia.

Lakini Shangazi nitamwambiaje? Alisema hema likiwa bovu atauza cherehani. Akisikia miche imeoza ndani ya kazi yake, na mimi nimelitoboa hema lenyewe, ataona Bwana Mita alikuwa na haki. Hicho ndicho ninachokiogopa, kuliko dungusi. Tafadhali usimwambie.

Mwanao,
Kifungo


14 Aprili

Kifungo, mwanangu,

Marahaba. Sikumwambia. Aliniuliza tu, "Kifungo hajambo?" Nikasema hajambo, nikakuna sikio. Unanijua nikidanganya. Dada yangu analijua sikio hili tangu nina miaka minne. Akanyoosha mkono. Barua ilikuwa mfukoni, sikuwa nimeichana, nilitaka kuisoma mara ya pili.

Akampa Mwalimu aisome kwa sauti. Ilipoisha akasema irudiwe. Halafu akanifukuza.

Nisamehe, na ujiandae.

Baba yako


15 Aprili

Kifungo,

Marahaba, ingawa hujaniamkia.

Nina hasira nawe, na si hasira unayoifikiria. Mwalimu alipofika pale ulipoandika "halipitishi hata pumzi" nilidhani ameongeza chumvi. Nikamwambia asome tena, polepole. Miezi mitano nasikia pole. Miezi mitano nalala na kuamka na ile sauti ya Bwana Mita. Katika dunia nzima kuna mtu mmoja tu aliyejifungia ndani ya mshono wangu, akaona haupitishi mwanga wala mvuke, na mtu huyo kaficha! Kamwandikia baba yake aichane barua! Mtoto wewe, ulikuwa na sifa yangu mkononi ukaifunika kama aibu.

Miche tisa ni deni langu mimi. Wewe ulichora matundu, mimi nikayafuta kwa kiburi, halafu nikakufungisha na zipu. Nimekosa, mwanangu. Nisamehe. Hili nalisema mara moja, usinirudishie.

Sasa tuje kwenye mkasi wa jikoni. Umekata turubai langu kwa mkasi wa vitunguu? Na ukingo umeuacha hivyo hivyo, nyuzi zinaning'inia kama ndevu? Kutoboa nakusamehe, kulihitajika. Ukingo usiopindwa siwezi. Ule mshono ulioukata ufunge fundo kila upande leo hii, la sivyo utafumuka mpaka chini. Kisha chukua huu utepe niliouweka kwenye bahasha, uzungushe kwenye matundu yote mawili, ushone kwa mkono, vidogo vidogo, bila kuvuta.

Na kile kipande chenye mshono ulichokikata, usithubutu kuniambia umekitupa. Nitumie.

Shangazi yako


29 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, nimepiga magoti.

Sikukitupa. Vyote viwili nilivihifadhi kwenye kopo la skrubu, sikujua kwa nini, mkono tu ulikataa kutupa. Chenye mshono kimo humu. Ukingo nimeupinda. Nilifumua mara nne, ya tano nikaridhika, na wewe ukiona utafumua ya sita. Picha ni hizi: matundu, feni, na miche ishirini na miwili. Itazame ilivyonyooka! Rangi imerudi, na mmoja umetoa miiba mipya myekundu. Mafundi wenzangu wawili wameliona hema, sasa nao wanataka ya kwao.

Umenikataza kuficha, basi na hili sifichi. Kitazame hicho kipande kwenye mwanga. Mshono unaanza na uzi mweusi, katikati unageuka buluu. Hema zima liko hivyo. Niliona siku ya kwanza nikanyamaza. Mstari wenyewe umenyooka, hauna kosa, ni rangi tu. Ulijua? Na mwandiko wako, Shangazi. Siku hizi umekuwa mzuri mno, una vituo na mikato kila mahali panapostahili, kama wa mtu aliyefundisha shule maisha yake yote.

Sikuulizi kwa kukupima. Nakuuliza kwa sababu nakupenda na niko mbali.

Kifungo


17 Mei

Kifungo wangu,

Marahaba. Maneno ni yangu, mkono ni wa Mwalimu, ambaye ulipomsifia vituo alisoma mstari huo mara mbili bila kuombwa.

Sikujua. Nyeusi na buluu kwangu zimekuwa kitu kimoja tangu mwaka juzi. Mwalimu ndiye anayenitungia sindano ya cherehani kila uzi unapokatika. Aliona rangi zinabadilika, akadhani ni mtindo! Mstari naufuata kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukizama, najua nimetoka. Daktari amesema macho yataendelea hivi hivi, polepole. Basi Bwana Mita alisema kweli kuhusu macho na akakosea kuhusu mshono, na mimi nilivyokuwa naogopa lile la kwanza nilishindwa kulipigania la pili. Wewe nilikuficha kwa sababu ungeacha kazi urudi. Usirudi.

Sasa sikiliza. Jumanne nilivaa gauni langu zuri nikaenda karakana na baba yako. Ofisini kwa Bwana Mita nikakikunja kipande chako kikawa kifuko, mshono chini, nikakijaza maji, nikakifunga mdomo kwa uzi na kukitundika kwenye msumari juu ya meza yake, sawasawa na daftari lake la vipimo.

"Nini hiki, Mama?"

"Mshono wangu. Kama una wasiwasi, sogeza daftari."

Hakulisogeza, kwa ubishi. Nikavuta kiti nikakaa. Huko nje cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, watu wakajaa mlangoni. Tulikaa saa nzima. Ililetwa chai, akanywa yake, nikanywa yangu. Kila mara nilimsikia akiweka kiganja chini ya kifuko na kukifuta kwenye suruali, na baba yako akininong'oneza, "Kikavu, dada. Kikavu."

Mwisho akainuka, akasogea karibu.

"Mama, lakini huu uzi ni rangi mbili."

"Najua. Niliushona bila kuuona."

Hakuna aliyecheka. Nikamwambia alete lile turubai la harusi. Likaletwa, nikalilaza mapajani nikaupitisha ukucha kwenye mshono wake, taratibu, mbele ya wote. Upande wa pili ukucha ukazama. Nikasema, "Hapa ndipo palipovuja, na huyu aliyeshona anavuta kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mimi sivuti." Bwana Mita akainama akapakagua. Palikuwa penyewe. Kisha akasema, mbele ya wafanyakazi wake wote, "Nilikukosea." Nililia, Kifungo. Nilidhani nitamcheka, nikalia.

Cherehani sikuiomba, ile naiacha. Lakini tangu Jumatano ninacho kiti changu karibu na mlango wa kutokea, na hakuna turubai linaloondoka karakana kabla halijapita chini ya kidole changu. Wale wenzako wawili waambie walete vipimo, na matundu wayachore makubwa. Nitawashonea hapa nyumbani, nyuzi atachagua Mwalimu.

Jana nilirudisha maturubai matatu yakashonwe upya. Moja alikuwa amelishona Bwana Mita mwenyewe.

Shangazi yako